Kushika na Kuziba: Historia ya Kalafati katika Ufundi wa Mbao wa Pwani

Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta ni methali ya nyumba, si ya chombo. Ukuta wa udongo ukifanya ufa, mwenye nyumba aweza kungoja, na hasara yake ni kujenga upya. Chombo kikifanya ufa katikati ya bahari hakuna cha kungoja wala cha kujenga. Kwa hiyo haishangazi kwamba lugha ya Kiswahili, ambayo kwa ufa wa ukuta hutosheka na maneno machache tu, ina kwa ufa wa mbao za chombo akiba kubwa ya maneno ya kazi: kalafati, deheni, shahamu, sifa, chembeu, ngama na upo.

Mengi ya maneno hayo yana asili ya Kiarabu. Kwa sababu hiyo imekuwa rahisi kudhani kwamba ufundi wenyewe uliletwa pamoja na maneno yake, na kwamba watu wa pwani walikuwa wanafunzi waliopokea kazi iliyokwisha kamilika. Dhana hiyo yafaa ipimwe upya. Neno moja la kazi haliwezi kutoa ushahidi juu ya kazi nzima, na kazi inayohusika hapa si moja bali ni mbili. Ya kwanza ni kuushika ubao ili ufa usizidi. Ya pili ni kuuziba ufa ili maji yasipite. Kila moja ina zana zake, maneno yake na historia yake, na mchunguzi akizichanganya hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi ulioko.

I. Tabia ya ubao

Kabla ya kufika kwenye maneno, yafaa ifahamike kwa nini mbao hupasuka. Mti mbichi huwa na maji ya namna mbili: yale yaliyomo katika uwazi wa seli, na yale yaliyoshikamana na kuta za seli hizo. Maji ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito tu. Lakini kiasi cha maji kikishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, kuta zenyewe huanza kukauka, na ubao hunywea.

Ubao haunywei sawasawa pande zote. Kwa urefu hunywea kidogo mno, hata fundi aweza kupuuza. Kwa upande wa kutoka ganda kwenda kiini hunywea zaidi, na kwa upande wa kuzunguka, yaani kufuata pete za ukuaji, hunywea takriban mara mbili ya hapo. Kwa hiyo gogo lililokaushwa pamoja na kiini chake hushindana na nafsi yake: nje hutaka kufupika kuliko ndani inavyokubali, na mwisho wake ni ufa unaoelekea kiini kama kijiti cha gurudumu. Ubao mnene hupatwa na jambo la namna hiyo hata kama hauna kiini, kwa sababu uso hukauka upesi na tumbo huchelewa. Ncha hukauka upesi zaidi, na ndiyo maana nyufa nyingi huanzia huko.

Katika hali hiyo mna mambo matatu ambayo kila fundi hulazimika kuyafuata, awe anayajua kwa kitabu au kwa mkono. La kwanza, ufa uliozibwa bila kushikwa huendelea kando ya kizibo chake. La pili, ufa ulioshikwa bila kuzibwa huvuja. La tatu, ambalo ndilo gumu, kizibo kisiwe kigumu kuliko ubao. Ubao uliokauka ukirudi majini huvimba. Kizibo kigumu kikiwa ndani ya ufa hugeuka kabari, na kitu kilichotiwa ili kuponya huzidisha mpasuko. Kizibo chema ni kile kinachokubali kubanwa.

II. Ushahidi wa maandishi ya kale

Ushahidi wa kwanza wa maandishi juu ya vyombo vya pwani hii umo katika kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kijulikanacho kama Periplus ya Bahari ya Erithrea. Mwandishi wake ataja kisiwa cha Menouthias, ambako palikuwa na mitumbwi ya mti mmoja na mashua za kushonwa, zilizotumika kuvulia samaki na kukamatia kasa. Baada ya hapo ataja soko la Rhapta, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na mashua za kushonwa. Neno la Kigiriki rhaptos maana yake ni kilichoshonwa. Hivyo mahali pa kwanza pa biashara panapotajwa kwa jina katika upande huu wa kusini paliitwa kwa ufundi wa mbao. Na ufundi huo ulikuwa ni wa kushika.

Karne nyingi baadaye, al-Mas'udi, aliyefika Qanbalu mwaka 916, aliandika kwamba vyombo vya bahari hii havipigwi misumari, kwa kuwa maji yake hula chuma. Vilishonwa kwa nyuzi na kupakwa mafuta ya wanyama pamoja na chokaa. Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, aeleza kwa urefu zaidi. Vyombo vya huko vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, vikazibwa kwa vipande vya mtende, kisha vikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na haya ya mwisho ndiyo yaliyokuwa bora. Sababu anayoitoa ni kwamba mafuta huulainisha ubao, kwa ajili ya miamba mingi iliyomo katika bahari ile. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, naye asema kwamba chombo cha kushonwa hustahimili mwamba kwa kuwa hulegea, ilhali chombo cha misumari huvunjika.

Wareno walipofika Msumbiji mwezi wa Machi mwaka 1498, mwandishi wa safari ya Vasco da Gama aliona vyombo vikubwa visivyo na misumari, mbao zake zikiwa zimefungwa kwa kamba, na matanga yake yakiwa ya mikeka. Yaani kutoka Periplus hadi Wareno, muda wa miaka karibu 1,400, habari ya kushona yarudi tena na tena.

Ushahidi wa mbao zenyewe umepatikana mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1998 yaligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mabaki ya chombo cha karne ya tisa kilichokuwa kimeshonwa. Vitu laini vilikuwa vimekandamizwa chini ya mishono, ndani na nje, kuziba maungio. Mbao zake zilipochunguzwa zilionekana kuwa za Afzelia africana, mti wa Afrika ulio ndugu wa mbambakofi wa pwani. Chombo cha mfano wake, Jewel of Muscat, kiliundwa Oman kwa mbao za mti huo zilizotolewa Ghana, na mwaka 2010 kilisafiri hadi Singapore. Safari hiyo ilithibitisha kwa vitendo kwamba kamba, mafuta na kizibo laini vyaweza kukivusha chombo bahari nzima.

III. Mtepe

Katika pwani ya Afrika Mashariki chombo cha mwisho kikubwa cha kushonwa kilikuwa mtepe, ambao uliundwa zaidi na Wabajuni katika visiwa vya Lamu na ukatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. James Hornell aliuandikia makala mwaka 1941, na A. H. J. Prins akauchunguza katika kazi zake juu ya mabaharia wa Lamu.

Mbao za mtepe ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa vijiti vilivyopigiliwa ndani, kisha zikashonwa kwa kamba za usumba zilizopitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwa keekee. Kila tundu lilikuwa ni mahali pa maji kupita. Kwa hiyo baada ya kamba kukazwa, matundu yalizibwa kwa vijiti vidogo. Chini ya mishono iliwekwa nyuzinyuzi iliyofunika ungio. Hapo yaonekana wazi namna kazi mbili zilivyopatana: kamba ilishika, na kwa kushika ikakibana kizibo. Mshono na kizibo vilitiwa kwa wakati mmoja, na hapakuwa na haja ya fundi kurudi baadaye na nyundo.

Maneno ya hatua hizo ni ya Kibantu karibu yote. Chombo huundwa, hakijengwi. Na tofauti hiyo kati ya kuunda na kujenga imo ndani ya lugha bila msaada wa lugha nyingine. Kushona, kufunga, kukaza, kushika na kuunga ni maneno ya nyumbani. Hata kuziba ni neno la kale: Kiganda kina okuziba kwa maana ya kuzibika, na mtu asiyeona huitwa muzibe, yaani ambaye macho yake yamezibwa. Ufa, kwa wingi nyufa, na kuatuka, havihitaji maelezo. Basi lugha ilikuwa na uwezo wa kutaja ugonjwa wa ubao na tiba yake kabla ya neno kalafati kuingia.

IV. Neno kalafati

Kalafati ni mojawapo ya maneno ya bahari yaliyoenea mno. Kiarabu kina qalfata, na jalfata yenye maana hiyo hiyo. Kituruki kina kalafat. Kiitalia kina calafatare. Kireno kina calafetar, na fundi wake ni calafate. Katika Kigiriki cha dola ya Rumi ya Mashariki fundi huyo aliitwa kalaphates, na neno hilo lilipanda hata kwenye kiti cha enzi: Michael V, aliyetawala kutoka Desemba 1041 hadi Aprili 1042, alijulikana kwa jina la Kalaphates kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa kuziba vyombo. Wataalamu hawajapatana kama chanzo ni Kiarabu au Kigiriki, na kwa historia ya Kiswahili jambo hilo si la lazima. Linalohitajiwa ni kujua kama neno liliingia pwani kwa mkono wa Waarabu au wa Wareno.

Umbo la neno peke yake haliamui. Ikiwa lilitoka katika Kireno, calafate yatoa kalafati bila taabu yoyote. Ikiwa lilitoka katika Kiarabu, irabu iliyoingizwa kati ya l na f yafuata desturi inayojulikana: waqt imekuwa wakati, aql imekuwa akili, asl imekuwa asili, na qufl imekuwa kufuli. Njia zote mbili zafika mahali pamoja.

Sarufi, hata hivyo, yasaidia. Maneno ambayo Kiswahili kilipokea kutoka Kireno, kama vile meza, leso, bendera na gereza, ni majina ya vitu karibu yote. Kalafati ni jina na kitenzi pia: hukalafatiwa chombo, na kizibo chenyewe ni kalafati. Kitenzi kisichoishia kwa irabu a, kikawa sambamba na jina lake, ni desturi ya maneno ya Kiarabu, kama ilivyo katika hesabu na kuhesabu, au hukumu na kuhukumu. Tena jamaa zake wa kazi wanatoka upande huo huo: deheni ni duhn, mafuta, shahamu ni shahm, mafuta ya mnyama. Kwa hiyo mizani yaelemea Kiarabu.

Lakini hata hapo yafaa kusita. Al-Mas'udi ataja vitu viwili vilivyopakwa chomboni, mafuta na chokaa. Jina la mafuta, shahamu, lilipokewa. Jina la Kiarabu la chokaa, yaani nura, halikushika nafasi hiyo. Fundi wa pwani husema chokaa. Sababu yaweza kuonekana katika majengo. Watu wa pwani walikuwa wakichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea misikiti na nyumba tangu zamani, na Husuni Kubwa ya Kilwa, ya karne ya kumi na nne, ni shahidi wa wingi wa chokaa hiyo. Kitu kilichokuwapo kwa jina lake hakikuhitaji jina la kuazima. Hivyo mchanganyiko mmoja, ndani ya chungu kimoja, una historia mbili.

V. Jahazi la misumari

Mabadiliko makubwa yalikuja pale msumari ulipochukua mahali pa kamba. Neno lenyewe limeacha alama ya kupendeza: Kiarabu mismar yaonekana kusikika kama wingi kwa sababu ya mi- yake, na Kiswahili kikaunda umoja, msumari. Jambo hilo lilienea baada ya karne ya kumi na sita, ingawa halikufuta ushonaji mara moja; mtepe na jahazi viliishi pamoja muda mrefu.

Msumari hushika, lakini haubani kizibo kama mshono. Huikaza mbao kwenye taruma, wala si ubao kwa ubao. Ungio kati ya mbao mbili hubaki wazi, nalo lazima lizibwe kwa kazi ya peke yake, baada ya mbao kupigiliwa. Hapa ndipo kalafati ilipopata cheo. Kazi iliyokuwa sehemu ya mshono ikawa kazi mbali, yenye zana yake na wakati wake. Yawezekana kwamba neno la kigeni lilikaa kwa nguvu kwa sababu hiyo hasa: si kwamba watu wa pwani hawakujua kuziba, bali kuziba kulikuwa hakujawa kazi ya kujitenga ihitajiyo jina.

Mwendo wake katika maunda ya pwani, kama vile Matondoni katika kisiwa cha Lamu na Nungwi katika Unguja, wajulikana. Pamba, neno linalonasibishwa na Kiajemi, husokotwa kuwa nyuzi nene na kulowekwa katika mafuta. Fundi huiweka juu ya ungio, akaisukuma kwa chembeu, ambayo ni patasi yenye makali butu, akipiga kwa nyundo. Ubutu wa chembeu ndio ufundi wake: makali yangekata pamba na kujeruhi ubao. Ikipigwa kidogo mno pamba hutoka. Ikipigwa kupita kiasi huzitanua mbao na kulegeza misumari. Ufa ulio ndani ya ubao wenyewe hutibiwa vivyo hivyo, lakini kwa tahadhari zaidi, kwa sababu huko hakuna ungio la kupokea nguvu. Kila pigo la chembeu laweza kuurefusha.

Baada ya hapo chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ambayo pia huzuia wadudu watobwao mbao. Juu ya mstari huo hupakwa sifa, mafuta ya papa, yenye harufu isiyosahaulika. Sifa hii si ile ya kusifiwa. Ni maneno mawili yaliyokutana katika sauti moja. Kazi yake ni kuupunguzia ubao mwendo wa kukauka na kulowa, na kwa hivyo kuuzuia usifanye ufa mpya. Kwa lugha ya makala haya, sifa hushika zaidi ya inavyoziba.

Chombo kinaposhushwa majini siku ya kwanza huvuja kidogo. Mbao hunywa maji, huvimba, na kuibana pamba mpaka ungio likafumba. Maji yaliyokusanyika katika ngama hutolewa kwa upo, kisha huacha kuongezeka. Kizibo hakikukamilishwa na fundi. Kilikamilishwa na bahari.

VI. Mlango, kwa kulinganisha

Milango mikubwa ya Lamu na Unguja huonyesha upande wa pili wa jambo hili. Bamba la mlango huundwa kwa mbao nene, na mara nyingi ni za msaji au mfenesi. Nyuma yake hupigiliwa mbao za kukingama, zinazozuia bamba lisipinde wala kuachana. Misumari yenye vichwa vikubwa, ambayo watazamaji huihesabu kuwa ni pambo, mingi hushika bamba na mikingamo yake pamoja. Ufa mwembamba katika mlango haumdhuru mtu, na hakuna haja ya pamba wala shahamu. Basi katika mlango kushika kumebaki na kuziba kumetoweka, na kalafati si neno la seremala wa milango. Mpaka wa neno wafuata mpaka wa maji.

VII. Yanayobaki kufanywa

Kamusi zilizotungwa na Steere, Krapf, Madan, Sacleux na Johnson ni hazina kubwa, na bila hizo maneno mengi ya bahari yangekuwa yamepotea. Hata hivyo kamusi hupanga maneno kwa herufi. Ufundi huyapanga kwa hatua. Chembeu, deheni na ngama, yakiwa mbalimbali katika kurasa, hayaonyeshi kwamba ni mwendo mmoja unaoanza na ubao mkavu na kuisha na ubao uliovimba. Mchunguzi anayehesabu tu ni maneno mangapi ya Kiarabu na mangapi ya Kibantu atapata hesabu sahihi na hukumu yenye makosa.

Haja ya kuyakusanya maneno hayo kwa hatua zake imekuwa ya haraka. Gundi za viwandani na nyuzi za kioo zinatumika badala ya pamba na shahamu. Mwaka 2018 kilishushwa Lamu chombo FlipFlopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyotumika. Mbao za plastiki hazinywi maji na kuvimba kama mti, na hekima yote ya kizibo kinachosubiri kubanwa haina mahali hapo. Mtepe wa mfano uitwao Shungwaya uliundwa mwaka 2003 na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Unguja. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Nyumba ya hifadhi nayo ilikuwa na nyufa zake.

Chombo kikipotea chaweza kuundwa kingine, maadam yuko mtu ajuaye hatua zake. Neno likibaki kamusini bila hatua zake, fundi wa baadaye atajua kwamba pamba ilitiwa katika ufa, lakini hatajua kwa nini chembeu ilikuwa butu, wala kwa nini chombo kipya kiliachwa kivuje siku ya kwanza. Hayo hayawezi kusomwa katika asili ya neno. Yangali yanaweza kuulizwa Matondoni na Nungwi, kwa wale wanaoendelea kushika nyundo.